Vipimio vya zamani vya mafundi kwenye mauzo ya mirathi Marekani: mwongozo kamili wa kuvitafuta, kuvikagua na kuvinunua

Fundi wa mashine wa Kimarekani, yule aliyechonga vyuma kiwandani kwa miaka thelathini au arobaini, kwa kawaida alinunua vipimio vyake kwa mshahara wake mwenyewe. Kiwanda kilimpa mashine na chuma. Maikromita (ya kupimia unene kwa skrubu), kalipa (ya kupimia kwa taya mbili), skwea (ya kukagulia pembe mraba) na geji za saa (zenye mshale unaoonyesha tofauti ndogo za kipimo) zilikuwa zake. Alizitunza kwenye sanduku lenye droo nyembamba, akachora jina lake kwenye fremu ili zisichanganyike na za mwenzake, na siku ya kustaafu akaondoka nazo. Akifariki, au akihamia makao ya wazee, familia huita kampuni inayouza kila kilichomo ndani ya nyumba kwa siku mbili au tatu. Mlango unafunguliwa, watu wanaingia, na vile vipimio vinakutwa mezani pamoja na sufuria, taa na mapambo ya Krismasi.

Mabango ya barabarani huandikwa Estate Sale. Hapa nitayaita mauzo ya mirathi. Kwa sisi tunaoishi Lowell, Minneapolis, Columbus au Portland kule Maine, na kwa fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kariobangi, Nairobi, anayemtegemea ndugu yake wa huku amtumie kipimio cha kweli, hapa ndipo pa kutafuta. Ila kuna jambo moja ambalo mwongozo huu wote unalizunguka: kipimio cha usahihi hakinunuliwi kwa jina wala kwa mng'ao. Kinanunuliwa kwa hali ya nyuso zinazogusa kazi na kwa mwendo wa sehemu zinazosogea. Maikromita ya kampuni maarufu iliyoangushwa sakafuni ni kipande cha chuma tu, na maikromita iliyopauka, yenye jina la mtu asiyejulikana, inaweza kukutumikia mpaka uzeeke.

Majina ya kuyafahamu kabla hujatoka nyumbani

Maikromita ya skrubu tunayoijua leo ilipewa hataza Ufaransa mwaka 1848 na Jean Laurent Palmer. Mwaka 1867 Joseph R. Brown na Lucian Sharpe waliiona kwenye maonyesho makubwa ya Paris, wakarudi nayo kama wazo hadi Providence, Rhode Island, na Brown & Sharpe wakawa wa kwanza kuifanya bidhaa ya kawaida kwa mafundi wa Marekani. Laroy Starrett alipata hataza ya skwea yenye kichwa kinachoteleza kwenye rula mwaka 1879, na mwaka uliofuata akaanzisha kampuni yake katika mji mdogo wa Athol, Massachusetts. Majina hayo mawili ndiyo utakayokutana nayo zaidi.

Yapo mengine ambayo wauzaji wengi hawayajui, na hapo ndipo bei huwa nzuri. Lufkin wa Saginaw, Michigan, wanajulikana na watu kwa tepu za kupimia, kwa hiyo maikromita zao huachwa mezani hadi siku ya mwisho ilhali ni nzuri sana. J.T. Slocomb wa Providence vivyo hivyo. Moore & Wright wa Sheffield, Uingereza, huonekana mara chache huku, lakini fundi aliyejifunza kazi Afrika Mashariki anaweza kuwa alikutana nao karakana. Mitutoyo wa Japani, kampuni iliyoanza mwaka 1934, hawahitaji kuelezwa. Geji za saa za Uswisi, yaani Tesa, Interapid, Compac na Etalon, ni ndogo, haziandikwi kwa herufi kubwa, na mara nyingi hukaa kwenye kisanduku cha plastiki ambacho mtu asiyejua hukipita tu.

Ukiona rula ya chuma imechorwa jina la Darling, Brown & Sharpe, hiyo ni ya kati ya mwaka 1866 na 1892. Usiisugue. Hiyo ni ya mkusanyaji wa vitu vya kale, na thamani yake iko kwenye hali ilivyo.

Hatua ya kwanza: kusoma tangazo kama fundi

Matangazo ya mauzo haya huwekwa mtandaoni siku kadhaa kabla, yakiwa na picha nyingi. Tovuti kubwa ni estatesales.net, na ipo minada ya mtandaoni pia kama HiBid ambako unaweka bei ukiwa kwako. Tafuta kwa maneno ambayo wauzaji wenyewe huandika kwa Kiingereza: "machinist", "toolmaker", "tool and die", "micrometer", "Starrett". Lakini mawindo bora hayaandikwi kabisa, kwa sababu aliyeandika tangazo hakujua anaangalia nini. Kwa hiyo picha zisome moja moja, hasa za chumba cha chini ya nyumba na za gereji.

Unatafuta masanduku. Sanduku la mbao la Gerstner, kampuni ya Dayton, Ohio, iliyoanza mwaka 1906, lina droo nyingi nyembamba zilizotandikwa kitambaa cha kijani, na ubao wa mbele unaoteleza na kuzifunika zote. Sanduku la bati la Kennedy, la Van Wert, Ohio, limepakwa rangi ya kahawia yenye mikunjokunjo. Mtu hanunui sanduku la aina hiyo kwa ajili ya nyundo na bisibisi. Ukiliona kwenye picha, hata likiwa limefungwa, nenda.

Dalili nyingine: mashine ndogo ya kukereza mbali kule pembeni, bamba la chuma au la jiwe jeusi lililofunikwa ubao, taa ya meza yenye kioo cha kukuza, kitambulisho cha kiwanda kilichoning'inizwa ukutani. Mahali nako kunasema. Massachusetts, Connecticut na Rhode Island zilijaa viwanda vya silaha, saa na mashine. Bonde la Windsor na Springfield huko Vermont liliitwa bonde la usahihi kwa sababu ya viwanda vyake vya mashine. Cincinnati, Cleveland, Dayton, Rockford, Milwaukee na Detroit nazo zina mitaa ambayo karibu kila nyumba ya zamani iliwahi kuwa na mtu wa kiwandani. Chagua nyumba ya kawaida katika mtaa wa wafanyakazi kuliko jumba la kifahari. Jumba litakuwa na vyombo vya fedha na vya kioo, na hivyo si shughuli yetu.

Hatua ya pili: kubeba vichache vinavyotosha

Beba tochi ndogo yenye mwanga mkali, kioo cha kukuza, kitambaa safi kisichotoa nyuzi, vipande vya karatasi nyeupe ya kawaida, kalamu yenye ncha nyembamba, na pesa taslimu za noti ndogo. Ukiweza, beba bloku mbili tatu za kupimia, yaani vipande vya chuma vilivyochongwa kwa kipimo kamili, ambazo unajua ukubwa wake, ndani ya kisanduku kidogo. Nitaeleza chini kwa nini ukubwa wa bloku hizo si wa kuokoteza tu. Kabla ya kuingia, mwonyeshe msimamizi bloku hizo ili wakati wa kutoka asidhani umezitoa ndani.

Nenda mapema. Nyumba nyingi hutoa namba au huweka karatasi ya majina mlangoni kabla ya kufungua, na watu huingia kwa makundi. Wanaowania vyombo vya fundi hawazidi wachache, lakini wanajua kabisa wanakokwenda.

Hatua ya tatu: ndani ya nyumba ya watu

Shuka chumba cha chini ya nyumba moja kwa moja, kisha gereji, kisha meza ya ofisi. Vyumba vya juu acha mwisho, ila usiviache kabisa: rula ndogo za chuma na kalipa za mfukoni huishia kwenye droo ya cherehani au kwenye droo ya jikoni ya vitu visivyo na mwenyewe. Waandaaji hukusanya vitu vya chuma vinavyofanana na kuvimimina kwenye makopo ya kahawa na maboksi ya sigara. Mimina polepole juu ya kitambaa chako. Humo ndimo hukaa geji za nyuzi za skrubu, geji za mviringo, funguo ndogo za kurekebishia maikromita na ncha za geji za saa, vitu ambavyo ukivinunua kimoja kimoja dukani vinachosha mfuko.

Sanduku la fundi lifungue lote. Vuta kila droo hadi mwisho, pitisha kidole nyuma yake, fungua kifuniko cha juu ambapo kwa kawaida kuna nafasi ya kina, na angalia mfukoni mwa kifuniko. Cheti cha bloku, karatasi ya maelezo na fimbo za kuthibitishia maikromita kubwa hupatikana huko. Kisha rudisha kila kitu mahali pake. Kuhamisha vitu kutoka sanduku moja hadi jingine ili upate bei ya sanduku dogo ni wizi, hata kama hakuna aliyekuona.

Mara nyingine familia yenyewe ipo. Mtoto wa marehemu amesimama kwenye ngazi anatazama wageni wakifukua meza ya baba yake. Mpe pole kwanza. Kisha, kama anaonekana kutaka kuzungumza, muulize baba alifanya kazi wapi na alichonga nini. Hilo ni jambo la utu, na pia ndilo swali lenye faida kuliko yote utakayouliza siku hiyo: aliyetengeneza vifaa vya kukatia na kufinyangia chuma aliishi kwa sehemu za elfu za inchi na vipimio vyake aliviangalia kama mboni ya jicho, aliyekuwa akikata mabomba alihitaji tepu tu.

Hatua ya nne: maikromita, kwa utaratibu

Hapa tusimame zaidi, kwa sababu maikromita ndiyo utakayoinunua mara nyingi na ndiyo yenye mambo mengi ya kukagua.

Anza kwa kujua kipimo chake. Hesabu mistari ya kikombe kinachozunguka. Ikiwa ni 25, ni ya inchi: skrubu yake ina nyuzi 40 katika inchi moja, mzunguko mmoja ni inchi 0.025, na mstari mmoja ni 0.001. Ikiwa ni 50, ni ya milimita: mzunguko mmoja ni milimita 0.5 na mstari mmoja ni 0.01. Kama kwenye bomba lenye mistari kuna mistari mingine ya ziada inayokwenda sambamba na urefu wake, hiyo ni vernia, na chombo kinasoma sehemu moja ya kumi zaidi. Sehemu kubwa ya vipimio vya zamani vya Marekani ni vya inchi. Kwa fundi wa nyumbani anayekarabati injini za Kijapani, tafuta vya milimita na uwe mvumilivu. Vya inchi bado vina kazi kwenye mashine za zamani za Kiingereza na Kimarekani, na hesabu yenyewe haina utata tangu mwaka 1959, inchi moja ilipokubaliwa kimataifa kuwa milimita 25.4 kamili.

Sasa shika maikromita karibu na sikio na uizungushe kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwendo uwe laini na wa nguvu ileile njia nzima. Ikikwaruza kwa namna ya mchanga, ni uchafu, na uchafu unatoka. Ikiwa nzito kila mzunguko mahali palepale, spindo (fimbo inayosogea) imepinda, na hiyo iache. Ikiwa nyepesi katika eneo moja tu halafu inakaza mbele, skrubu imelika pale ambapo fundi alipima kitu kilekile miaka nenda rudi. Vuta na sukuma spindo kwa vidole kuona kama inacheza. Mchezo mdogo hurekebishwa kwa kukaza nati iliyo chini ya kikombe. Mchezo usiolingana kati ya mwanzo na katikati haurekebishwi, kwa sababu ukikaza kwa ajili ya sehemu iliyolika, sehemu nzima itakwama.

Weka karatasi kati ya fuawe (uso usiosogea) na spindo, funga kwa upole, kisha ivute itoke. Karatasi itafuta vumbi na mafuta. Funga tena kwa kutumia racheti, yaani kile kichwa cha mwisho kinachoteleza nguvu ikitosha, usome sifuri. Wengi huiacha maikromita kwa sababu sifuri haikukaa sawa, na wanakosea. Sifuri iliyohama mstari mmoja au miwili hurudishwa kwa ufunguo mdogo unaoingia kwenye kitundu cha bomba lenye mistari. Mwulize muuzaji bei, na kwa kweli sifuri iliyohama ni sababu halali ya kuomba punguzo.

Kisichorekebishika nyumbani ni nyuso. Funga maikromita, iinue mbele ya tochi, na utazame mstari unaokutanisha nyuso mbili. Mwanga ukipenya upande mmoja, nyuso haziko sambamba, na mara nyingi maana yake ni kwamba chombo kiliangushwa. Tazama kingo kwa kioo cha kukuza. Nyuso za kabaidi (madini magumu kuliko chuma), zile zenye rangi ya kijivu na mstari unaoonyesha zilipounganishwa na chuma, hudumu mno lakini hubanduka vipande pembeni. Kipande kidogo pembeni kabisa hakiharibu kazi. Kilichoingia kuelekea katikati kinaharibu.

Mwisho, bloku zako. Ukipima bloku ya milimita 5, 10 na 20 tu, kikombe kitakuwa kinarudi kwenye pembe ileile kila mara, kwa kuwa namba zote hizo zinagawanyika kwa 0.5. Skrubu iliyoyumba ndani ya mzunguko mmoja haitaonekana kamwe. Ndiyo maana seti maalumu za kukagua maikromita zina ukubwa wa ajabu kama 2.5, 5.1, 7.7, 10.3 na 12.9: kila bloku inasimamisha kikombe mahali tofauti. Ukibeba 5.1, 10.3 na 12.9 umejitosheleza.

Angalizo la baridi. Chuma cha urefu wa mita moja hurefuka takriban maikroni 11 au 12 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kwa kila digrii moja ya Selsiasi, na vipimo vya urefu duniani kote huhesabiwa kwa joto la digrii 20. Januari huko Ohio, maikromita iliyolala gereji na bloku iliyotoka mfukoni mwako zinaweza kupishana digrii 30. Kwa bloku ya milimita 25 hiyo ni karibu sehemu moja ya mia ya milimita, yaani mstari mzima wa kikombe. Weka bloku juu ya meza kando ya maikromita, kagua vitu vingine, kisha urudi.

Maikromita kubwa, kuanzia ya inchi 1 hadi 2 na kuendelea, hazifungi hadi nyuso zigusane, hivyo zinahitaji fimbo ya kuthibitishia sifuri. Isipokuwepo, tafuta tena sandukuni kabla ya kulipa. Maikromita ya kina huja na fimbo za kubadilisha, na kila fimbo ilirekebishwa kwa ajili ya mwili ule mmoja. Usikubali kuchanganyiwa fimbo za vyombo viwili.

Hatua ya tano: kalipa na geji za saa

Kalipa ifunge, itazame mbele ya mwanga. Ncha za taya hulika kabla ya mizizi yake, kwa sababu mafundi wengi hupimia kwa ncha, na utaona ufa wa mwanga unaopanuka kuelekea nje. Taya ndogo za juu, zinazopima ndani ya tundu, zikaguliwe vivyo hivyo. Kwenye kalipa yenye saa, sogeza taya haraka mara kadhaa na uifunge tena. Mshale ukirudi mahali pengine, kuna jino limeruka kwenye reli yenye meno, mara nyingi kwa kipande cha chuma kilichonasa. Kinaweza kutolewa, lakini meno yenyewe yakiwa yamekatika, basi. Kalipa ya vernia haina saa, haina meno wala betri, na kwa maoni yangu ndiyo ya kumtumia fundi aliye mbali na duka la vipuri. Macho yatazoea mistari.

Geji ya saa ijaribiwe kwa kidole. Isukume polepole sana, iachie polepole sana, na uone mshale ukirudi pale ulipotoka. Mshale unaosita na kurudi kwa uvivu mara nyingi umekamatwa na mafuta yaliyoganda, na mtu aliyewahi kufungua saa za mkono anaweza kuisafisha. Unaoruka au kurudi mahali tofauti kila mara una kasoro ndani. Zile geji ndogo za Kiswisi zenye mkono mfupi unaoyumba zina thamani kubwa kwa ukubwa wake. Pitisha kidole kwenye ncha uone kama haijabomoka. Ukiipata Interapid, fahamu kwamba ncha yake inatakiwa iwekwe kwa pembe ya digrii 12 kutoka kwenye uso unaopimwa ndipo isome sawasawa. Wasiojua hudhani ni mbovu na kuiuza kwa bei ya kutupa.

Skwea, pima maji na bloku

Skwea hujikagua yenyewe. Tafuta ukingo ulionyooka, hata wa karatasi nene iliyokatwa kiwandani, piga mstari kwa kalamu, geuza skwea upande wa pili, piga mstari mwingine kutoka nukta ileile. Mistari ikiachana, kosa la skwea ni nusu ya pengo. Kwenye skwea ya kichwa kinachoteleza, kaza skrubu na utingishe kichwa. Kikicheza, mfereji wa rula umelika.

Pima maji ya fundi mashine haifanani na ya mwashi. Starrett namba 98 huonyesha tofauti ya inchi 0.005 kwa futi moja kwa kila mstari, na namba 199 huonyesha 0.0005, yaani mara kumi zaidi. Iweke juu ya kitu kilichotulia, soma povu, igeuze nusu duara mahali palepale, soma tena. Masomo yakilingana, chombo ni kizima hata kama meza imeinama. Kagua chupa ya kioo kwa nyufa. Namba 199 ikiwa ndani ya sanduku lake la mbao, usisubiri siku ya punguzo.

Bloku za kupimia alizibuni Carl Edvard Johansson, fundi wa kiwanda cha silaha huko Eskilstuna, Sweden, mwaka 1896. Baadaye, mwaka 1923, alikwenda kufanya kazi kwa Henry Ford kule Michigan, na jina lake bado limo midomoni mwa mafundi wa Marekani. Seti ya kawaida ya inchi ina vipande 81. Hesabu nafasi zilizo tupu. Usiziguse nyuso kwa vidole vitupu, jasho litaacha alama ya kutu. Chukua mbili, zifute, ziteleze moja juu ya nyingine kwa mkandamizo mdogo. Zikiwa nzima zitashikana kana kwamba zimegandishwa. Zisiposhikana hata baada ya kufutwa vizuri, zimechunika, na seti hiyo inafaa kwa kazi za kawaida tu.

Vitu vilivyotengenezwa kwa mkono

Vijana waliokuwa wakijifunza ufundi walitakiwa kutengeneza vifaa vyao wenyewe: vibano vidogo, bloku zenye mfereji wa umbo la V, vijiti vya kuhamishia vipimo. Havina jina la kampuni, vina herufi mbili tatu za mwenyewe zilizogongwa pembeni, na wauzaji huviweka kwenye boksi la vyuma chakavu. Vikague kama vingine vyote. Nimeviona vingi vilivyosuguliwa kwa uangalifu ambao kiwanda hakina muda nao, na napenda kuona vikirudi kazini mikononi mwa kijana mwingine anayejifunza.

Kupatana bei

Siku ya kwanza bei husimama, ya pili hulegea, na ya mwisho mara nyingi hushuka hadi nusu. Kwa kitu adimu, lipa siku ya kwanza. Kwa maikromita za kawaida unaweza kungoja. Njia bora ni kuomba bei ya sanduku zima na vilivyomo, kwa kuwa msimamizi naye anataka nyumba iwe tupu kufikia Jumapili jioni. Kujua thamani, tazama kwenye eBay bei za vitu vilivyokwisha kuuzwa. Bei zinazoombwa na watu zisikutishe. Maikromita ya Starrett ya inchi moja iliyotumika kwa kawaida hupatikana kwa dola 20 hadi 50, kutegemea hali. Usidharau kitu mbele ya muuzaji ili kukishusha bei. Taja kasoro uliyoiona, mwonyeshe, sema unachoweza kutoa.

Kusafisha na kusafirisha

Maikromita unaweza kuifungua: zungusha spindo mpaka itoke, osha nyuzi kwa mafuta ya taa na mswaki, kausha, weka tone la mafuta mepesi ya mashine ndogo. Mafuta ya kula huganda, grisi huongeza mzigo. Kutu ya juu juu kwenye fremu ifute kwa mafuta na kitambaa kigumu. Msasa usikaribie kabisa nyuso za kupimia wala mistari. Nyuso hizo zilisawazishwa kwa vipimo vidogo kuliko unene wa unywele, na msasa mara moja unamaliza kazi hiyo. Siki nayo hula chuma pamoja na kutu. Geji za saa usizifungue kama hujawahi.

Ukituma nyumbani, paka filamu nyembamba ya mafuta, funga kwa karatasi ya kuzuia kutu, na acha uwazi mdogo kati ya fuawe na spindo ili unyevu usinaswe katikati. Kwenye ndege viweke kwenye begi la kupakiwa chini, kwa kuwa vifaa vinavyozidi inchi 7 haviruhusiwi kwenye begi la mkononi. Mombasa, Tanga na Zanzibar hewa ya chumvi haingoji: weka pakiti za kunyonya unyevu ndani ya sanduku na mwambie fundi avifute kila jioni kabla ya kuvilaza.

Akitaka kuvitumia kwa kazi inayodai uthibitisho, maabara za vipimo za mashirika ya viwango, TBS Tanzania na KEBS Kenya, hukagua vipimio vya urefu na kutoa cheti. Apeleke kwanza bloku moja nzuri au seti yake ndogo, kisha vipimio vingine vyote vya karakana avilinganishe na hiyo.